Sentensi Isiyo na Mtenda



Kwa kawaida nikikuandikia huanza na kifungu cha Katiba, au na wajibu fulani wa raia. Leo naomba uniruhusu nianze na kalamu nyekundu, na kosa nililodhani kuwa ni la mwanafunzi wangu, kumbe lilikuwa langu.

Ninaishi Rwekubo, na ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari inayopokea watoto wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale pamoja na watoto wa wenyeji wa Isingiro. Katika darasa moja hukaa Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali na Mnyankole. Wapo waliozaliwa ndani ya Kiswahili, na wapo wanaokutana nacho kwa mara ya kwanza katika daftari langu. Wengi wao ndoto yao ni moja: kumaliza shule, kupanda taksi ya Mbarara wakiwa na godoro lililokunjwa, na kujiunga na chuo. Kila anayefika huko sisi wa nyuma humhesabu kuwa ameokoka.

Miaka mitatu iliyopita binti mmoja niliyemfundisha tangu kidato cha kwanza alijiunga na chuo mjini Mbarara kusomea ualimu wa Kiswahili. Sitalitaja jina lake, wala nchi alikotoka, wala chuo chenyewe. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuisimulia habari hii kwa sharti hilo. Mama yake aliuza mbuzi wawili ili alipie kitanda cha hosteli, nami nilimpa kamusi yangu ya zamani.

Likizo ya kwanza alipita nyumbani kwangu na tawasifu ya kurasa tatu, zoezi la somo la uandishi, akaniomba niisome kabla hajaiwasilisha. Nilimwekea chai mezani, nikashika kalamu nyekundu. Katika ukurasa wa tatu nilikuta sentensi hii: “Usiku ule nikaharibika.” Niliipigia mstari. Pembeni nikaandika: “Chombo huharibika, mtu haharibiki. Kosa la kauli. Fafanua.” Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akasoma nilichokiandika, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Asante, Mwalimu.” Hakuimaliza chai yake.

Muhula uliofuata hakurudi chuoni. Mama yake alisema ni malaria. Baadaye akasema ni ada. Jioni moja, mvua ikinyesha, binti alisimama mlangoni pangu akasema, “Mwalimu, uliniambia nifafanue.”

Akafafanua. Mwanafunzi mmoja aliyemtangulia kwa mwaka, kiongozi wa kikundi chao cha majadiliano, kijana aliyekuwa akimwazima vitabu, alimwita hosteli akachukue maswali ya mitihani iliyopita. Alipoingia, kijana alifunga mlango. Alikataa kwa maneno, akakataa kwa mikono, na hakuna kilichomsaidia. Hayo yanatosha, msomaji. Huna haja ya kujua zaidi, wala mimi sikuwa na haja.

Lakini mimi niliona ninayo. Mimi mwanamke, mimi mwalimu, mimi ninayekuandikia kuhusu haki za raia, swali langu la kwanza kwa binti yule lilikuwa hili: “Kwa nini ulikwenda usiku?”

Aliinamisha kichwa akavitazama viatu vyake vilivyoloa. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimemwumiza mara ya pili. Mara ya kwanza nilimwumiza kwa kalamu bila kujua, na mara hii nilimwumiza kwa ulimi, nikijua.

Turudi kidogo kwenye sarufi, maana ndiyo kazi yangu. Kiswahili kina kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Nikisema “Kikombe kimevunjwa,” unaweza kuniuliza kimevunjwa na nani, na sentensi yangu ina nafasi ya jibu: kimevunjwa na mtoto. Nikisema “Kikombe kimevunjika,” nafasi hiyo haipo. Huwezi kusema “kimevunjika na mtoto.” Kikombe kimebaki peke yake na vipande vyake, kana kwamba kilijivunja. Kauli hii si mbaya. Twaihitaji kila siku. Ila binti yangu alipoandika “nikaharibika,” alikuwa amechagua, au tuseme amefundishwa na sisi, kauli isiyo na mlango wa kumwingizia mtenda. Nami mwalimu nililiona kosa la kauli, lakini sikuuliza: na nani?

Sikiliza jinsi tunavyosema mitaani mwetu. “Yamemkuta.” Yapi? “Amechezewa.” “Amepata mimba,” kama mtu aliyepata barua. “Ameharibika.” “Ni mambo ya vijana.” Katika sentensi hizi zote msichana yupo, na aibu ipo, ila mwanamume hayupo. Hata maneno yanayojaribu kuwa mazito yana mtego wake. Magazeti mengi huandika kwamba mtoto “amenajisiwa.” Asili ya neno najisi ni uchafu unaomzuia mtu kusali mpaka ajitwaharishe, basi tunapolitumia, uchafu tunamwachia aliyetendewa. Mahakamani Tanzania husikika “shambulio la aibu.” Nauliza wanafunzi wangu: aibu ya nani? Sijawahi kuona kesi ya wizi ikiitwa aibu ya mwenye nyumba.

Usidhani kwamba hili ni jambo la walimu wa lugha tu. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya mseto ya St. Kizito, wilayani Meru nchini Kenya, wavulana waliokuwa katika mgomo walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengine zaidi ya 70 walibakwa. Kilichoshtua dunia baada ya vifo hivyo ni maelezo ya mmoja wa viongozi wa shule, mwanamke, aliyenukuliwa akisema kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana, walitaka kuwabaka tu. Nimelitafakari sana neno “tu” katika kauli ile. Mtu aliyekabidhiwa watoto wa watu alikuwa na kamusi ambamo kubaka hakumo katika maana ya madhara. Wavulana wale walilelewa na jamii yenye kamusi hiyohiyo.

Hapa kwetu Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na sera na kanuni za kupinga unyanyasaji wa kingono tangu mwaka 2006. Hata hivyo, mwezi wa Aprili 2018 ilienea picha ya mfanyakazi wa chuo akimdhalilisha ofisini mwake mwanamke kijana aliyesoma hapo. Aliyedhalilishwa ndiye aliyepiga picha hiyo, kwa simu yake. Mfanyakazi alisimamishwa kazi, na Makamu wa Chansela Barnabas Nawangwe akaunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale, mwanasheria, kuchunguza hali ya chuo kizima. Kamati ilitoa taarifa mwaka huohuo, na taarifa ilionyesha kwamba tatizo limeenea na kwamba njia za kulalamika hazikuwa zikiaminiwa. Zingatia hesabu hii, msomaji: kanuni zilikuwa na umri wa miaka 12, lakini ili aaminiwe, yule dada alihitaji kuwa na kamera mkononi wakati wa kushambuliwa. Binti yangu hakuwa na kamera. Wengi hawana.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2019, kitengo cha BBC Africa Eye kilionyesha filamu ya uchunguzi kuhusu wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana waliotaka ngono kutoka kwa wanafunzi na waombaji wa nafasi. Tanzania jambo hilo huitwa rushwa ya ngono, na sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kuwa kosa. Nalipenda jina hilo kwa kuwa linamgeukia mwenye madaraka na kumwita mla rushwa. Hata hivyo tulitumie kwa uangalifu, kwa sababu rushwa huwa na mpokeaji na mtoaji, na mwanafunzi aliyetishiwa kufelishwa si mtoaji. Ameporwa.

Sasa nirudi mlangoni pangu, maana swali lako huenda ni hili: tufanye nini mtu anapotujia?

Baada ya kimya kile nilimwambia binti, “Nisamehe. Swali langu halikuwa la haki. Nakuamini. Kosa si lako.” Ni maneno machache sana, na nilichelewa kuyasema. Baadaye aliniambia kwamba katika miezi ile yote hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hata moja kati ya hayo. Shangazi alimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Mwenzake wa chumbani alimwambia ajihadhari asije akaharibu jina la kijana mwenye maisha mbele yake. Mama, aliyempenda kuliko sote, alimwambia anyamaze hadi atakapoolewa.

Kuna wanaoniuliza, “Je, kama anasingizia?” Jibu langu ni kwamba kusikiliza si kutoa hukumu. Hukumu ni kazi ya mahakama, nayo ina taratibu zake za kumlinda mshtakiwa. Mimi si hakimu. Jirani akinijia usiku akisema ameibiwa, sianzi kwa kumtaka anithibitishie kwamba alikuwa na ng’ombe.

Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999, na aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, alijifunza mapema kwamba kushona jeraha hakutoshi. Huduma ya Panzi husimama juu ya nguzo nne: tiba ya mwili, tiba ya moyo, msaada wa sheria, na msaada wa kurudi katika maisha ya kujitegemea. Wengi wa majirani zangu Nakivale wametoka huko mashariki ya Kongo na wanaijua hospitali hiyo kwa jina. Naomba tuzichukue nguzo hizo tuzilete chuoni.

Ya kwanza ni mwili, na hapa muda ni adui. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kushambuliwa lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Humezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo hufaa zaidi ikimezwa mapema, na haitumiki baada ya siku tano. Kwa hiyo mpeleke mwenzako kituo cha afya kwanza. Matibabu hayapaswi kungoja polisi. Ikiwezekana asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuuharibu ushahidi. Akiwa ameshaoga, asilaumiwe. Ni nani asiyetaka kuoga?

Ya pili ni moyo. Usimlazimishe kusimulia tena na tena. Binti yangu alikuwa amesahau tarehe lakini anakumbuka rangi ya pazia. Kumbukumbu ya mtu aliyeshtuka hukatika vipande, na hilo si dalili ya uongo. Mtafutie mshauri nasaha, kaa naye, kula naye. Usieneze habari zake, hata kwa nia ya kumwombea dua.

Ya tatu ni sheria. Uganda, aliye chini ya miaka 18 hawezi kisheria kuridhia ngono, na tangu marekebisho ya Kanuni ya Adhabu ya mwaka 2007 ulinzi huo ni wa wavulana na wasichana sawasawa. Mtenda akiwa mzazi, mlezi au mwenye mamlaka juu ya mtoto, kosa huwa zito zaidi. Mambo haya hayamalizwi kwa mbuzi na bahasha mbele ya wazee. Polisi wana Fomu 3A, ambayo mhudumu wa afya huijaza baada ya uchunguzi. Fomu hiyo haiuzwi. Kwa habari za watoto kuna simu ya bure, namba 116, inayoitwa Sauti. Serikali ilichagua neno la Kiswahili kwa jambo hili, nami nikiwa mwalimu wa lugha hii nalifurahia.

Hapa nikiri jambo jingine. Binti yangu hakutaka kushtaki. Nilikasirika. Nilimweleza wajibu wa raia, nikamweleza wasichana wengine watakaoitwa kuchukua maswali ya mitihani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, yule naye aliniamulia.” Nilinyamaza. Tangu siku hiyo nashika kanuni moja: mtu mzima aliyenyang’anywa uamuzi juu ya mwili wake asinyang’anywe tena uamuzi juu ya habari yake. Mweleze njia zilizopo, mweleze muda wa kila njia, kisha mfuate anakokwenda. Kwa mtoto mambo ni tofauti: mwalimu anayejua na kunyamaza anashirikiana na mtenda.

Ya nne ni maisha, na kwa mwanachuo maisha ni masomo. Wanaoacha chuo aghalabu ni walioshambuliwa. Walioshambulia huendelea na mitihani. Chuo kinachotaka kusaidia kinaweza kufanya mambo madogo yasiyo na gharama kubwa: kumhamisha mtuhumiwa kikundi badala ya kumhamisha mlalamikaji, kuahirisha mtihani bila kudai maelezo mbele ya watu kumi, kuweka ofisi ya malalamiko mahali ambapo anayeingia haonekani na foleni nzima ya ada. Mwanafunzi mkimbizi ana hofu ya ziada. Anaogopa kwamba akilalamika atapoteza ufadhili, au ataitwa mgeni mleta fujo. Aambiwe waziwazi, siku ya kwanza anapopokelewa, kwamba haitakuwa hivyo, na iwe kweli.

Nisisahau wavulana. Miongoni mwa wanafunzi wangu wa kiume wapo waliofanyiwa ukatili huu njiani wakikimbia vita. Refugee Law Project ya Shule ya Sheria ya Makerere imelisema jambo hili kwa miaka mingi, wakati wengine wakicheka. Mvulana ana ugumu wake: akisema, anaulizwa kwa nini hakupigana. Ni dada wa swali langu la “Kwa nini ulikwenda usiku?” Yote mawili yanamhoji aliyetendewa na kumwacha mtenda akilala usingizi.

Utaniuliza binti yuko wapi leo. Tulikwenda pamoja Mbarara, tukaketi kwenye benchi la hospitali toka asubuhi hadi alasiri. Kwa dawa za saa 72 tulikuwa tumechelewa kwa miezi. Kwa vipimo na kwa mshauri hatukuwa tumechelewa. Vipimo vilikuwa salama. Baada ya mwaka alijiunga na chuo kingine. Bado hapendi milango inayofungwa nyuma yake, na nikimtembelea huiacha wazi, hata kama kuna baridi. Kijana yule alihitimu. Nasikia anafundisha mahali fulani, na kila nikiwaza hilo sina amani. Sitaki kukudanganya kwamba habari hii ina mwisho mwema.

Mwezi uliopita aliniletea ile tawasifu, karatasi ileile yenye wino wangu mwekundu. Alikuwa ameifuta ile sentensi ya ukurasa wa tatu na kuandika nyingine juu yake. Sentensi mpya ina kiima, ina kitenzi katika kauli ya kutenda, na kiima chake ni yule kijana, kwa jina lake. “Sasa sahihisha,” aliniambia. Nilisoma mara mbili. Sikukuta kosa.

Basi, msomaji, nakupa zoezi kama ninavyowapa wanafunzi wangu. Ikumbuke sentensi moja uliyowahi kuisema kuhusu mtu aliyefanyiwa ukatili huu: jirani, mwanachuo mwenzako, dada yako. Iandike kwenye karatasi. Mtafute mtenda ndani yake. Kama hayumo, iandike upya mpaka awemo. Kisha, ikiwa mwenyewe yu hai na unajua anakoishi, nenda ukamwambie yale maneno machache niliyochelewa kuyasema. Usingoje arudi kufafanua.